Shajara ya mradi: kugeuza mpangilio wa gia kwenye Suzuki SV650 ya uwanjani

Jumamosi, 8 Februari

Pikipiki imeshapanda juu ya stendi ya nyuma katika gereji ndogo ninayoikodi hapa Dartford, Kent. Ni Suzuki SV650 ya mwaka 2001, yenye injini ya silinda mbili za umbo la V, ukubwa wa sentimita za ujazo 645, kabureta na gia sita. Niliinunua ikiwa imekwisha kuvuliwa taa, vioo na viashiria, na mwenyewe wa kwanza alikuwa amekwisha kuifunga futiresti za mbio, yaani vikalio vya miguu vinavyokaa juu zaidi na nyuma zaidi kuliko za kiwandani. Haitembei barabarani hata hatua moja. Kazi yake ni siku za mazoezi uwanjani, na uwanja wangu wa karibu ni Brands Hatch.

Mpangilio uliopo ni ule ambao karibu kila mwendesha pikipiki anaujua: unakanyaga mara moja kupata gia ya kwanza, kisha unanyanyua kanyagio kwa mgongo wa mguu kupata ya pili hadi ya sita, na nyutro imekaa kati ya ya kwanza na ya pili. Ninachokitaka ni kinyume chake, yaani gia ya kwanza iwe juu na nyingine zote ziwe chini, ili kuongeza gia kuwe ni kukanyaga na kupunguza gia kuwe ni kunyanyua.

Sababu yangu ina jina na mahali. Katika mzunguko mfupi wa Brands Hatch, ambao hauzidi kilomita mbili, ukishateremka kutoka kona ya Druids unaingia Graham Hill Bend, kona ya kushoto, na unapotoka pale pikipiki ikiwa bado imelala injini inakuwa imekwisha kulia ikidai gia ya nne. Kwa mpangilio wa kawaida ni lazima ncha ya kiatu ipite chini ya kanyagio, na chini ya kanyagio wakati huo hakuna nafasi, kuna lami. Mwaka jana nilikwaruza kiatu mara mbili mahali hapo, na mara zote nyingine nilisubiri pikipiki isimame wima ndipo nibadilishe, huku wenzangu wakinipita kama niliyesahau jambo nyumbani. Kukanyaga kutoka juu hakuhitaji nafasi hiyo. Tena mtu anapovuta mafuta kwa nguvu mwili wake husukumwa nyuma, na mguu uliosukumwa nyuma hukanyaga kwa urahisi zaidi kuliko unavyonyanyua.

Niongeze kwamba mpangilio wa kawaida haukushuka kutoka mbinguni. Kabla ya kanuni ya usalama ya Marekani, katikati ya miaka ya 1970, kulazimisha gia ziwe mguu wa kushoto na breki ya nyuma mguu wa kulia, pikipiki nyingi za Uingereza zilikuwa na gia upande wa kulia, na za Norton zilipangwa ya kwanza juu na zilizobaki chini. Mimi mwenyewe nilijifunzia Morogoro kwenye Honda Cub ya mjomba, ambayo gia zake huongezwa kwa kukanyaga mbele na kupunguzwa kwa kukanyaga nyuma kwa kisigino. Kwa hiyo mguu wangu uliwahi kujua kwamba kukanyaga ni kwenda mbele. Baadaye ndipo ulipofundishwa vingine.

Jumamosi, 15 Februari

Leo sikufungua bolti hata moja. Nilikaa juu ya ndoo ya mafuta nikiwa na karatasi, kalipa na tochi, nikapima.

Kwanza ieleweke kwamba ndani ya injini hakibadilishwi kitu. Shafti ya gia inayotokeza upande wa kushoto inazungushwa kidogo kwenda upande mmoja au mwingine, kikucha kilichoko ndani kinalisukuma pipa la gia hatua moja, na springi inairudisha shafti katikati ikisubiri mguu mwingine. Shafti haijui kama mwenye mguu alikanyaga au alinyanyua. Inajua upande iliozungushiwa. Kazi yote basi ni kugeuza uhusiano kati ya kanyagio na shafti, na uhusiano huo ni rodi moja nyembamba yenye bolijointi, yaani kiungo cha tufe kinachogeuka, kila mwisho.

Kanyagio linazunguka kwenye mhimili wake nyuma, karibu na futiresti. Chini ya mhimili huo kuna mkono mfupi wa milimita 35 ulioshika mwisho wa nyuma wa rodi. Mbele, kwenye meno ya shafti, kuna mkono wa pili wa milimita 40, nao unaning'inia chini. Kutoka mhimili hadi shafti ni milimita 200. Mikono yote miwili ikiwa upande mmoja, rodi hukimbia sambamba na mstari unaounganisha mihimili, na kanyagio na shafti huzunguka upande mmoja. Mkono mmoja ukigeuzwa upande wa pili, rodi huukata ule mstari, na shafti huzunguka kinyume na kanyagio. Hiyo ndiyo siri nzima, na inaonekana wazi kwa kijiti na pini mbili kwenye kipande cha kadibodi, ambavyo ndivyo nilivyotumia.

Swali ni mkono upi ugeuzwe. Njia ambayo watu wengi huanza nayo ni kulegeza bolti ya kubana, kuchomoa mkono wa shafti na kuurudisha ukiwa umeelekea juu. Nilipoujaribu kwa mkono tu, bila kuukaza, ncha yake ilifika karibu mno na kifuniko cha sproketi, gurudumu la meno la mnyororo, pale ambapo waya wa klachi unaingia. Sikuipenda nafasi ile. Bahati nzuri sahani ya kanyagio langu ina tundu jingine juu ya mhimili, nalo ni milimita 35 vilevile. Nitauacha mkono wa shafti chini na kuhamishia rodi kwenye tundu la juu.

Jumapili, 16 Februari

Kazi ya dakika ishirini, hivyo ndivyo nilivyojiambia asubuhi. Rodi ya zamani ilikuwa fupi, kwa sababu sasa inapita mshazari. Hesabu ilitoa milimita 214 kati ya vitovu vya bolijointi. Nilipata rodi ndefu zaidi katika sanduku la vyuma chakavu, nikaifunga, nikazungusha tairi la nyuma kwa mkono wa kulia huku nikibadilisha gia kwa wa kushoto. Tairi ni lazima lizungushwe, kwani gia zikiwa zimesimama meno yake hayakutani vizuri na mtu anaweza kudhani ameharibu kitu wakati hajaharibu chochote.

Gia ziliongezeka kwa kukanyaga. Nilifurahi kwa muda wa kama dakika tano. Kisha nikaanza kupunguza, na kutoka ya tatu kwenda ya pili kanyagio lilifika juu bila gia kuingia. Mara ya pili liliingia, mara ya tatu likagoma tena. Nilifikiri springi imechoka. Nikafikiri bolijointi zina mchezo. Nikarudisha kila kitu kama zamani ili kuhakikisha, na gia zote sita zikaingia na kutoka bila tatizo, kwa hiyo kosa lilikuwa langu na si la gia.

Jumamosi, 22 Februari

Nililala na suala hili kwa siku sita, na jibu nililipata kwenye ile kadibodi.

Rodi inafanya kazi sawasawa pande zote mbili ikiwa tu, kanyagio likiwa limetulia, imekutana na kila mkono kwa pembe ya digrii 90 au karibu yake. Katika mpangilio wa zamani ilikuwa hivyo. Nilipohamishia mwisho mmoja juu na kuuacha wa pili chini, rodi ililala mshazari, na pembe ile ikawa digrii 69 kila upande. Ubaya wake hauko katika tarakimu yenyewe, uko katika jinsi pembe hizo zinavyobadilika mguu unaposogea: unapokanyaga, mkono wa kanyagio unakaribia pembe mraba na wa shafti unaiacha, kwa hiyo shafti inazunguka zaidi ya ilivyokuwa awali; unaponyanyua, mambo yanageuka na shafti inazunguka pungufu. Nilipima kwa rula kwenye ncha ya kanyagio. Kwa mpangilio wa awali ncha ilisogea milimita 28 juu au chini kabla gia haijaingia. Sasa ilihitaji 26 kukanyaga na 30 kunyanyua, na stopa ya futiresti ilikuwa inalizuia kanyagio kabla halijafika 30. Springi haikuwa na kosa lolote.

Dawa yake ni kuilaza mikono yote miwili kuelekeana, kila mmoja kwa kama digrii 22, mpaka rodi iikute mikono kwa pembe mraba. Hapo urefu wa rodi haubaki milimita 214, unashuka hadi 185, yaani mfupi kuliko hata ule wa awali. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu kwa sababu sikuamini. Mtu hutazamia kwamba kitu kinachopita mshazari kitakuwa kirefu zaidi.

Mkono wa shafti hauna shida, unahamishwa kwa meno. Sikuipata 22 kamili, ila jino lililokuwa karibu lilinitosha. Mkono wa kanyagio ndio wenye kazi, kwa sababu tundu la juu limetobolewa mahali pamoja, na nikilizungusha kanyagio zima ili tundu lifike ninapotaka, ncha ya mbele itashuka zaidi ya sentimita tano na kuburuza lami. Inabidi nitengeneze sahani mpya.

Jumatano, 26 Februari

Sahani imekamilika. Ni alumini ya unene wa milimita 8, niliyoikata kwa msumeno wa chuma, nikaipiga tupa na kuitoboa kwenye mashine ya jirani yangu wa gereji, Mmombasa anayerekebisha boti. Aliitazama ile kadibodi yangu kwa muda, akasema, "Ndugu yangu, hii ni usukani wa mashua uliofungwa kamba makusudi mkingamo." Sijapata maelezo mafupi zaidi ya hayo. Ndiye pia aliyenikataza kutoboa tundu la milimita 6 moja kwa moja. Nilianza na 3, nikaenda 5, nikamalizia na 6, na tundu limekaa wima bila kuyumba.

Kuna jambo moja nililifikiria sana kabla ya kutoboa, nalo ni urefu wa mkono. Nilishawishika kuufanya milimita 45 badala ya 35 ili kanyagio lisafiri kidogo na mabadiliko yawe ya haraka. Niliacha. Mguu unaokanyaga una uzito wa mwili nyuma yake, ilhali mguu unaonyanyua una msuli wa mbele wa muundi peke yake. Ukigeuza mpangilio, nguvu inayoingia kwenye shafti wakati wa kuongeza gia inakuwa kubwa kuliko zamani hata kama hukubadilisha kipimo chochote, na kinachoumia mtu akikanyaga kwa hasira ni uma za gia, ambazo hazipatikani bila kupasua injini katikati. Mkono ukibaki milimita 35, ncha inasafiri milimita 28 zilezile, na zinanitosha.

Jumamosi, 1 Machi

Nimefunga. Rodi mpya ni ya chuma kisichoshika kutu, ina thredi ya kawaida mwisho mmoja na thredi ya kushoto mwisho wa pili, kwa hiyo nikiizungusha katikati inajirefusha au kujifupisha bila kuifungua. Nilihakikisha kila bolijointi imemeza thredi ya kutosha, nikakaza nati za kufungia, nikatia gundi ya thredi kwenye bolti ya kubana mkono wa shafti na kuikaza kwa nyutoni-mita 10. Bolti hiyo ndogo ikilegea uwanjani, mtu anabaki na gia aliyokuwa nayo, basi.

Nilipaka chaki ya buluu sehemu zote ambazo rodi ingeweza kugusa, nikabadilisha gia mara hamsini, nikatazama. Chaki ilifutika mahali pamoja, kwenye ukingo wa mabano ya futiresti. Tupa kidogo, chaki tena, mara hamsini nyingine, safi.

Ncha ya kanyagio sasa inasafiri milimita 28 chini na 28 juu kwa kadiri rula yangu inavyoweza kuona. Nimeishusha kidogo kuliko ilivyokuwa, kwa sababu kiatu sasa kinakaa juu yake muda wote na sikutaka kifundo kikunjwe. Pikipiki yangu haina kihisio cha kubadilishia gia bila klachi. Anayetaka kugeuza mkono wa shafti badala ya wa kanyagio akiwa na kihisio hicho akumbuke kwamba rodi iliyokuwa ikisukumwa wakati wa kuongeza gia sasa itakuwa inavutwa, na kihisio kinachosoma upande mmoja tu kitakaa kimya.

Jumapili, 9 Machi

Chuma kimekubali, mguu bado. Kwa wiki nzima nimekuwa nikikaa juu ya pikipiki ikiwa kwenye stendi, injini imezimwa, macho nimefumba, nikitaja gia kwa sauti na kuzitafuta. Saa moja ya kwanza nilikosea karibu kila mara niliyofikiri, na nilipatia karibu kila mara ambayo sikufikiri, jambo lililonishangaza. Nadhani ni ile Cub. Kinachonisumbua zaidi ni kuondoka: kuanzia nyutro kwenda ya kwanza kwa kunyanyua hakuna popote nilipopata kukujifunza, hata Morogoro, kwa sababu kwenye Cub ya kwanza nayo hukanyagwa.

Shida kubwa ni kwamba ninakwenda kazini kila siku kwa pikipiki nyingine yenye mpangilio wa kawaida. Niliwaza kuigeuza na hiyo pia, lakini siku nitakapomwazima mtu atakuja kuniuliza nimemkosea nini. Nimebandika juu ya tangi la SV karatasi nyeupe yenye herufi kubwa: 1 JUU. Pikipiki ya kazini haina karatasi. Mpaka sasa nimechanganya mara moja tu, mbele ya taa za barabarani, nikabaki nimesimama huku taa ikiwa kijani na dereva wa basi akinisaidia kwa honi.

Nimejiandikia pia hesabu ya kosa baya kuliko yote, ili niiogope ipasavyo. Nikiwa katika gia ya nne kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika, nikitaka ya tano na kwa mazoea nikanyanyua, nitaingia ya tatu. Gia ya nne ya injini hii ina meno 27 kwa 24, ya tatu 29 kwa 21. Klachi ikishika, tairi litaizungusha injini hadi kama 11,000, na mstari mwekundu wa saa yangu ya mizunguko unaanzia karibu na 10,500. Kizuizi cha mizunguko hakisaidii hapo, kwa kuwa hukata cheche, na anayezungusha injini wakati huo ni tairi. Tairi lenyewe laweza kuteleza likafunga. Kosa la upande wa pili, kuongeza gia wakati wa kuingia konani, humpatia mtu aibu na injini nzito.

Jumamosi, 22 Machi

Brands Hatch, asubuhi ya baridi, lami kavu. Niliomba kundi la waendao polepole ingawa mwaka jana nilikuwa la kati, na sikujutia.

Kipindi cha kwanza nilitembea kama mtu aliyevaa viatu vya kushoto miguu yote miwili. Nilitaja gia kwa sauti ndani ya kofia ngumu. Katika mzunguko wa nne, nikipanda kuelekea Druids, nilitaka kutoka ya tatu kwenda ya pili, nikakanyaga. Injini ikanyamaza katika ya nne, pikipiki ikakosa breki ya injini niliyoitegemea, nikatoka nje ya mstari wangu hadi karibu na ukingo wa kona na kurudi taratibu bila kumzuia mtu. Niliporudi nilikaa dakika kumi bila kuvua glavu. Ni kosa lile la aibu. Lile jingine sikulifanya.

Kipindi cha pili niliamua kutobadilisha gia popote ambapo si lazima. Nilizunguka kwa ya tatu na ya nne peke yake, hata Druids, na injini ya silinda mbili ina mvuto wa kutosha chini kumsamehe mtu jambo hilo. Hapo ndipo Graham Hill Bend iliponifungukia. Nilitoka nikiwa nimelala kushoto, goti nje, na nilipotaka ya nne nilikandamiza tu kidole cha mguu. Gia iliingia bila pikipiki kutikisika na bila kiatu kuondoka mahali pake. Nilirudia mizunguko yote iliyobaki, na kila mara nilifika Surtees, kona ya kushoto inayofuata, nikiwa na mwendo ambao sikuwahi kuwa nao pale na ambao ulinilazimu kutafuta upya mahali pa kushika breki.

Kipindi cha tatu nilirudisha gia ya pili, na kunyanyua kuelekea Druids kulikuwa kumekwisha kuanza kuja kwenyewe. Cha nne sikwenda. Nilikuwa nimechoka, na mguu uliochoka hurudi kwenye lugha yake ya zamani.

Jumapili, 23 Machi

Ukaguzi. Bolti ya mkono wa shafti haijasogea. Nilikuwa nimeichora mstari wa rangi na mstari bado umenyooka. Bolijointi ya nyuma ina mchezo mdogo ambao haukuwepo, labda kwa sababu sasa inapokea mkanyago mahali ilipozoea kuvutwa, nitaibadilisha kwa yenye kiziba vumbi cha mpira. Sahani ya alumini ina alama ya kiatu na haina ufa. Nilitoa mafuta ya injini nikayapitisha kwenye kitambaa cheupe kuona kama kuna vipande vya chuma kutoka kwenye uma. Sikuona kitu zaidi ya ule unga mwembamba wa kawaida kwenye sumaku ya kifuniko.

Kilichobaki ni kukata mpira mnene wa kuvalisha ncha ya kanyagio, kwani soli ya kiatu cha kushoto imeanza kuchimbika katikati, pale pale ambapo mwaka jana ilikuwa mpya na mgongo wa kiatu ndio uliokuwa umechakaa.